Huna kazi au uko nje ya nchi? Namna ya kushughulika na deni la Bodi ya Mikopo

Ujumbe wa Bodi ulinikuta stendi ya Mbagala Rangi Tatu, natoka kwenye usaili wa saba ambao nao haukuzaa kitu. Mfukoni nilikuwa na nauli na hela ya mihogo. Niliusoma mara moja, nikaufuta, nikazima simu kana kwamba anayenidai amesimama nyuma yangu. Hofu ile nililala nayo karibu miaka mitatu. Siku nilipojipa moyo nikaenda kuuliza, nilikuta deni langu ni dogo kuliko lile nililokuwa nikiliota usiku.

Nakuandikia wewe uliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, kisha ukabaki mtaani bila ajira, au riziki ikakupeleka Muscat, Dubai, Johannesburg au Ulaya. Kila ukisikia neno "mdaiwa sugu" moyo unapiga paa. Tulia, twende taratibu.

Kabla ya yote: deni hili halivimbi tena

Hofu kubwa ya watu inatokana na habari za zamani. Zamani deni lilikuwa likivimba kweli. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, na juu yake adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kurejesha. Mtu akikaa miaka sita au saba bila kulipa, anakuta takwimu hazifanani kabisa na alichosaini chuoni. Wengi walikata tamaa hapo wakaamua liwalo na liwe.

Mei Mosi ya mwaka 2021, kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na kuanzia Julai 1, 2021 haitozwi tena. Mwaka huohuo ikafutwa na ile adhabu ya asilimia 10. Kilichobaki ni mkopo wenyewe pamoja na ada ya utawala ya asilimia 1, inayotozwa mara moja tu.

Kwa mkopo wa shilingi 9,000,000, ada hiyo ni 90,000. Jumla ni 9,090,000, na mwakani itakuwa hivyohivyo kama hukulipa hata senti. Ukilipa 100,000 kila mwezi, unamaliza kwa miezi 91, yaani miaka 7 na miezi 7. Ni safari ndefu, lakini mwisho wake unaonekana. Huko mtaani hupati mkopo mwingine wa namna hii.

Sasa viwango. Ukimaliza masomo unapewa miezi 24 ya kujipanga kabla ya kuanza kurejesha. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Ni hiyo laki moja inayowatisha wasio na kazi. Tutaifikia.

Hatua ya kwanza: ione taarifa ya deni lako kwa macho yako

Usibishane na deni ambalo hujaliona, na usiliogope pia. Omba taarifa ya mkopo wako kupitia mfumo wa Bodi kwenye tovuti yao, kwa barua pepe, au nenda kwenye ofisi yao ya kanda iliyo karibu nawe.

Kitu kimoja kitakachokutambulisha ni namba yako ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka ulioufanya. Watu wengi wanaisahau, wanahangaika na namba ya usajili ya chuo. Toa cheti chako cha kidato cha nne kwenye bahasha. Namba yenyewe inaanza na herufi S kama ulisoma shuleni, au P kama ulikuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kama ulirudia mtihani una namba mbili, na uliyoombea mkopo ndiyo inayotakiwa. Dada zangu mliobadili majina baada ya kuolewa, wekeni na hati ya kiapo au cheti cha ndoa, la sivyo mtaambiwa jina halisomi.

Taarifa ikija, kaa chini na kalamu. Hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Kumbuka ulipokea nini. Kwa waliosoma wakati posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, bumu, yaani awamu moja ya posho hiyo, la siku 60 lilikuwa 510,000. Mara nne kwa mwaka ni 2,040,000, na kwa miaka mitatu 6,120,000. (Baadaye posho ilipanda kuwa 10,000 kwa siku, kwa hiyo wadogo zetu hesabu zao ni tofauti.) Juu ya bumu weka sehemu ya ada uliyokopeshwa, vitabu na viandikwa, na fedha za mafunzo kwa vitendo. Ukipata jumla, ilinganishe na walichoandika.

Mambo ya kukagua ni haya. Je, kuna bumu ambalo hukusaini kulipokea? Kama uliahirisha mwaka, au uliumwa ukakosa kusaini awamu moja, fedha zile zilitakiwa kurudi Bodi na hazitakiwi kukaa kwenye deni lako. Je, kuna tozo yoyote ya asilimia 6 iliyoongezwa baada ya Julai 1, 2021? Je, makato ya kazi uliyowahi kuifanya, hata ya miezi michache, yameingia? Ukiona kasoro, andika barua ya kuomba marekebisho, taja mwaka na awamu, na ambatisha ushahidi. Chuo chako kina ofisi ya mikopo yenye orodha za waliosaini; waombe wakuthibitishie.

Walioacha chuo njiani nao wasijidanganye. Ulichopokea unadaiwa, hata kama shahada hukuipata.

Hatua ya pili: kama huna kazi, andika

Nimeona vijana wengi wakisema, "Nikipata kazi watanikata wenyewe, kwa sasa nikae kimya." Naelewa kabisa hali hiyo, nimeipitia. Ila ukimya ndio unaokugeuza mdaiwa sugu kwenye vitabu vyao. Wao hawajui kama unauza genge Tandika au una ghorofa Masaki. Wanachokiona ni miezi 24 imepita na hakuna kilichoingia. Na matangazo ya Bodi kwa wadaiwa sugu yamekuwa yakitaja hatua zinazouma: majina kutangazwa, taarifa kupelekwa kwenye kumbukumbu za mikopo zinazosomwa na mabenki, kukosa fursa za udhamini wa masomo ya juu, wadhamini kutafutwa. Kijana mwenye kibanda cha chipsi akienda kuomba mkopo wa kukuza biashara, jina lake linaweza kumkwamisha.

Kwa hiyo andika barua. Haihitaji wakili wala maneno makubwa. Yangu ilikuwa hivi, kasoro majina na namba:

"Mimi ni mnufaika wa mkopo mwenye namba ya kidato cha nne iliyotajwa hapo juu. Nilihitimu mwaka uliotajwa. Tangu hapo sijapata ajira. Ninaishi kwa shangazi yangu Mbagala, na kipato changu ni cha kufundisha tuisheni, hakizidi shilingi 120,000 kwa mwezi, na miezi ya likizo sipati kitu. Natambua deni langu na sina nia ya kulikwepa. Kwa hali yangu siwezi kiwango cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Naomba kuanza na shilingi 15,000 kila mwezi, na nitawapa taarifa ndani ya mwezi mmoja endapo nitapata ajira au kipato kikiongezeka. Anwani yangu na namba za simu ni hizi."

Nikaambatisha barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha ninapoishi na hali yangu. Nilichapa nakala mbili: moja nikaiacha mapokezi, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ya pili ndiyo mali. Kama uko mbali na ofisi, tuma kwa barua pepe na usifute kamwe ulichotuma.

Taja kiasi unachokiweza kweli. Ukiahidi elfu hamsini halafu mwezi wa pili ukashindwa, umejiharibia kuliko aliyeahidi elfu kumi akazitoa kila mwezi. Barua haikufutii wajibu wa kisheria, hilo lazima niseme wazi. Inachofanya ni kuweka kumbukumbu kuwa ulijitokeza, ukasema ukweli, ukaanza na ulichonacho.

Na ukipokea jibu linalokataa kiasi ulichopendekeza? Endelea kulipa hichohicho huku ukiandika tena. Fedha iliyoingia inapunguza deni.

Hatua ya tatu: lipa kwa njia ambayo haitapotea

Malipo ya Bodi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Ukishaipata, unaweza kulipia benki, kwa wakala, au kwa simu kupitia menyu ya malipo ya serikali.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalojitokeza. Lazima liwe la Bodi ya Mikopo. Likitokea jina la mtu, acha hapohapo. Wapo matapeli wanaopiga simu wakijiita maofisa, wanakwambia kuna punguzo ukilipa leo, tuma kwenye namba hii. Fedha za serikali hazitumwi kwenye namba ya mtu.

Ukishalipa, piga picha ujumbe wa uthibitisho na uandike kwenye daftari: tarehe, kiasi, namba ya malipo, namba ya muamala. Mimi nina daftari la kawaida la kurasa 48, na limeniokoa mara mbili. Baada ya miezi mitatu au minne omba tena taarifa ya deni, uone kama yale malipo yamesoma.

Ombi moja, na hili nalisema kwa uchungu: usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili ulipe Bodi. Usikope pia kwenye zile programu za simu zinazopiga ndugu zako zikikudai. Deni la Bodi halina riba leo. Kulilipa kwa mkopo unaopanda kila wiki ni kujitoa kwenye maji ya magoti na kujitumbukiza kisimani. Kama una madeni mawili, maliza la riba kwanza, huku Bodi ukiwapelekea kile kidogo mlichoandikiana.

Hatua ya nne: kama uko nje ya nchi

Kwanza, mkopo haukuachi unapovuka mpaka. Mwajiri wa Doha au wa Berlin hatakukata kwa ajili ya Bodi ya Tanzania, na hapo ndipo watu hujisahau. Wajibu wa kulipa unarudi mikononi mwako mwenyewe. Kwa wengi walioko Ghuba, hata wanaofanya kazi za ndani huku shahada ziko kabatini nyumbani, shilingi 100,000 kwa mwezi ni kiasi kinachowezekana zaidi kuliko kwa mwenzao aliyebaki Mbagala.

Ndugu zangu wa Zanzibar, hakikisheni mnadaiwa na nani. Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ina taratibu zake. Nimeshakutana na mtu aliyekuwa akiulizia deni lake HESLB wakati mkopo wake wote ulitoka Unguja.

Jambo la pili ni mawasiliano. Ukiondoka, laini yako ya simu ya nyumbani inakaa bila kutumika mpaka inafungwa, kisha inauzwa kwa mtu mwingine. Ujumbe wote wa Bodi unamwendea mgeni. Huku nyumbani, wanaokujua ni wale wadhamini uliowaandika kwenye fomu ukiwa na miaka 20: baba yako mdogo, mwalimu wako wa zamani, jirani. Simu itawalia wao. Kwa hiyo wiki hii, tuma barua pepe Bodi yenye namba yako ya kidato cha nne, anwani yako ya sasa, namba ya simu ya huko uliko na barua pepe unayoifungua kweli. Kisha mpigie mdhamini wako umweleze. Mzee akijua kuwa unalipa, hatatishika akipigiwa.

Kuna njia mbili za kulipa.

Ya kwanza ni kumtumia ndugu fedha kwenye simu yake, naye akalipia kwa namba yako ya malipo. Ni rahisi na ada yake ni ndogo, ila inahitaji nidhamu. Mdogo wangu aliyeko Muscat alituma fedha kwa binamu yetu kwa miezi kumi na moja. Binamu hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa kwanza mtoto aliumwa, wa pili kodi ya nyumba ikafika, na akawa anasema "nimelipa" kwa aibu ya kusema hajalipa. Tulipoomba taarifa ya deni, kilichosoma ni miezi miwili tu. Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni mmoja: aliyelipa anatuma picha ya uthibitisho siku ileile, na kama picha haijafika, fedha ya mwezi unaofuata haitumwi. Udugu wetu umepona kwa sababu ya ile picha.

Njia ya pili ni kulipa moja kwa moja kutoka benki ya huko. Mfumo wa malipo ya serikali hutoa fomu ya kuhamishia fedha, yenye jina la benki inayopokea, akaunti na namba yako ya malipo. Kwenye fomu hiyo utaona maelekezo ya sehemu ya 59, ambayo ni ya akaunti, na sehemu ya 70, ya maelezo ya malipo, ambako namba yako huandikwa baada ya alama /ROC/. Mwonyeshe karani wa benki fomu yenyewe, usimsomee kwa mdomo. Mkwaju (/) mmoja ukikosewa, fedha inafika lakini haijulikani ni ya nani. Kwa kuwa benki hukata ada kila unapotuma, ni afadhali kukusanya ya miezi mitatu ukatuma kwa mkupuo, mradi uandike kwenye barua yako kuwa ndivyo utakavyolipa.

Wapo wanaoniambia, "Siwezi kuwalipa, nchi haikunipa kazi." Sibishani na maumivu hayo. Lakini fedha ninazorejesha ndizo zinazomkopesha binti wa Namtumbo aliyepata alama nzuri na baba yake ni mkulima wa mahindi. Mimi nilikopeshwa kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya tano: siku ukipata kazi

Mjulishe mwajiri mwenyewe, kwa maandishi, kuwa wewe ni mnufaika. Kisheria yeye naye ana siku 28 za kuijulisha Bodi baada ya kukuajiri, kisha hukata na kuwasilisha makato kila mwezi. Usiishie hapo. Shule moja binafsi niliyofundisha ilinikata asilimia 15 kwa miezi minane, kwenye slipu ya mshahara makato yakionekana vizuri kabisa, na Bodi haikuwa imepokea hata shilingi. Nilipeleka slipu zote nane pamoja na barua ya ajira, na suala likawa kati yao na mwajiri. Nisingekuwa na slipu, lingekuwa kati yao na mimi.

Kwa hiyo tunza kila slipu. Kila baada ya miezi sita linganisha slipu na taarifa ya deni. Na kama ulikuwa ukilipa mwenyewe kabla ya ajira, peleka orodha ya malipo hayo mapema, ili makato yaanzie kwenye salio sahihi.

Ukibakiza miezi miwili au mitatu kumaliza, andika Bodi na umpe mhasibu wa kazini nakala, kwa sababu makato hayajui kujisimamisha na unaweza kukatwa kupita kiasi. Ikitokea hivyo, omba kurejeshewa kwa maandishi, ukiambatisha slipu za miezi iliyozidi. Deni likisoma sifuri, omba cheti cha kumaliza mkopo. Kitoe nakala, kipige picha ujitumie kwenye barua pepe yako, na cheti chenyewe kiweke kwenye bahasha ileile yenye cheti cha kidato cha nne.